Chanjo ya homa ya ini: siku 12 sasa, mkono haunyanyuki

NesiWaZamu:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi wa zahanati hapa mkoani Dodoma. Siku 12 zilizopita tulichanjwa dozi ya pili ya homa ya ini B. Usiku ule nilipata homa kidogo na kichwa, nikameza panado, asubuhi nikaamka mzima. Hayo maudhi madogo madogo nayajua, ndiyo ninayowaambia akina mama kliniki kila siku.

Shida ni bega. Mkono wa kulia ukifika usawa wa kifua unakwama. Kwenye daladala ya Nkuhungu nashika bomba kwa kushoto, ugali anasonga mume wangu (ndiyo, na mabonge yake). Inchaji, mkuu wangu wa zahanati, anasema nadeka. Dozi ya tatu ni miezi mitano ijayo. Niiache?

Mzee wa Zabibu:
Iache mwanangu. Nasikia wanakuwekea kirusi chenyewe.

DadaMkubwaWodini:
Hapana, mzee wangu. Mle hamna kirusi, kuna protini ya ganda lake tu, tena inatengenezwa kwa kutumia hamira. Haiwezi kumpa mtu homa ya ini.

Mdogo wangu, nikuulize: aliyekuchoma alikuwa amesimama na wewe umekaa?

NesiWaZamu:
Ndiyo dada. Nilikuwa kwenye benchi, foleni ndefu, nikavuta tu kola ya sare hadi begani. Alichoma juu kabisa, karibu na mfupa. Nakuja kusema "mbona juu", ameshabandika pamba.

DadaMkubwaWodini:
Basi ndiyo hapo. Ukivuta kola, kinachoonekana ni kichwa cha bega, na sindano inaweza kupitiliza hadi kwenye kiungo. Inaelekea dawa haina kosa, kosa ni mahali ilipochomwa. Inatakiwa vidole viwili au vitatu chini ya mfupa, kwenye unene wa msuli, na mchomaji naye akae. Mkono kuuma siku mbili tatu ni kawaida. Siku 12 na mkono umekwama, huko si kudeka. Muone daktari na mtu wa fiziotherapia mapema, bega lisije likaganda. Mjaze na fomu ya matukio baada ya chanjo, imfikie mratibu wa chanjo wa wilaya.

Dozi ya tatu usiiache, ila toa mkono wa kushoto. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo hii 2002, sisi wa kabla ya hapo hatuna kitu. Ukijichoma na sindano ya mgonjwa wa homa ya ini B na huna kinga, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika 30 kwa 100. Ya VVU ni kama 3 kwa 1,000.

Zamu_ya_Usiku:
Umenikumbusha chanjo ya UVIKO 2021. Wodi nzima tulichanja siku moja, kesho yake watatu wako kitandani na homa, mimi peke yangu na wagonjwa. Siku hizi tunachanja kwa kupokezana. Halafu dada, mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, pima kiwango cha kinga kwenye damu. Ikifika 10 mIU/mL uko salama.

NesiWaZamu:
Mrejesho wakuu. Fomu tumejaza, inchaji kasaini bila neno. Fiziotherapia wamenipa zoezi la kutambaza vidole ukutani. Juzi niliishia kwenye swichi ya taa, leo nimeipita kwa kiganja kizima. Ugali bado anasonga yeye.