Msimu wa kulungu Wisconsin: nikimwona koyoti nimpige au nimwache?

Mgeni_Milwaukee
Wakuu salaam, hasa nyie mlio huku Marekani mnaoingia porini kila Novemba.

Mwaka huu nimekaribishwa kuwinda kulungu kwenye msitu wa mzee mmoja, baba mkwe wa jamaa ninayefanya naye kazi, huko kaskazini si mbali na Hayward. Leseni ninayo, jaketi la rangi ya chungwa ninalo, kozi ya usalama nimemaliza. Kinachonisumbua ni kauli ya huyo jamaa tukiwa mapumziko: "Ukiwa juu ya mti ukaona koyoti, piga. Umeokoa watoto wa kulungu wa mwakani." Wenzake wote wakaafiki.

Kwa msiomjua, koyoti ni kama mbweha wetu aliyeshiba vizuri, ana manyoya mazito na anatembea kama anajua anakokwenda. Mimi nimelelewa kwamba mnyama unamuua kwa sababu utamla au amevamia zizi. Huyu hawamli. Ila sitaki pia nionekane mgeni anayewafundisha wenyeji kazi. Je, ukimpiga kweli unawasaidia kulungu? Na sheria inasemaje? Matusi wekeni pembeni.

MzeeWaMsituni
Piga, usiulize mara mbili. Huku Wisconsin koyoti anawindwa mwaka mzima, si kama New York wanakofungua Oktoba na kufunga Machi. Kule South Carolina, eneo la Savannah River, watafiti waliwafunga watoto wa kulungu vifaa vya redio. Wengi waliokufa waliliwa na koyoti. Unataka ushahidi gani tena?

Dada_Kibo
Mzee shikamoo, lakini hadithi umeiishia katikati. Hapo hapo Savannah River walikuja kuwaondoa koyoti kwa mitego miaka mitatu mfululizo, 2010 hadi 2012, mitego ya wataalamu, tena miezi ya kabla kulungu hawajazaa. Mwaka wa kwanza watoto walionusurika waliongezeka sana. Wa pili hali ikarudi kule kule. Wa tatu ikapanda tena. Hiyo ni kazi ya watu wanaolipwa kuifanya.

Sasa mgeni wetu apige mmoja Novemba. Watoto wa kulungu huzaliwa mwishoni mwa Mei na Juni, na hatari kubwa ni wiki zile za kwanza, wakati mtoto analala kwenye majani na kutegemea kutoonekana. Novemba mtoto huyo anakimbia kama mama yake. Halafu vuli ndiyo majira ambayo koyoti vijana wanawaacha wazazi na kuzunguka kutafuta eneo. Ukiua mwenye eneo leo, kabla ya Mei keshapata mrithi.

Kuna uchambuzi uliotoka 2019 uliopitia kaunti 384 za majimbo sita ya mashariki, ukalinganisha miaka kabla na baada ya koyoti kufika. Haukukuta kwamba wamepunguza kulungu kwa kiwango cha eneo hilo lote.

MzeeWaMsituni
Marahaba binti. Lakini mimi siwindi kaunti 384, nawinda ekari themanini.

Dada_Kibo
Hilo nakupa. Sehemu moja moja inaweza kuumia, hasa kama kulungu ni wachache na maficho ni haba. Ila hapo panahitaji mitego kila mwaka kabla ya kuzaa, siyo risasi ya bahati.

Fundi_Superior
Mmesahau kitu kikubwa kuliko vyote. Kijana anakwenda Hayward! Huko kuna mbwa mwitu wa kweli, wale wakubwa wanaoitwa wolf, siyo wale wa Afrika. Mwaka 2021 walifungua msimu wakauawa 218 ndani ya siku chache, na Februari 2022 mahakama ikawarudishia ulinzi wa serikali kuu. Ukimpiga ukidhani ni koyoti, umejiingiza kwenye kesi ya shirikisho, na kama hujapata uraia hutaki jina lako lionekane hata kwenye bahasha ya kesi ya namna hiyo.

Tofauti: koyoti ana pua nyembamba na masikio makubwa yaliyochongoka, uzito kilo 10 hadi 20. Mbwa mwitu ana uso mpana, masikio mafupi ya mviringo, miguu mirefu, na mkubwa anafika kilo 40. Shida ni mtoto wake wa mwaka huo. Ifikapo Novemba ni mwembamba na miguu imemzidi, na alfajiri kwenye ukungu humtofautishi. Kama una shaka hata kidogo, kidole kisiguse.

Na kijitabu cha kanuni cha idara ya maliasili ya jimbo kisome cha mwaka huu, usiazime cha jamaa. Angalia kama leseni yako ya kulungu inakuruhusu koyoti au unahitaji nyingine.

Binti_Mvita
Kwa upande wa dini, wale wanyama watano walioruhusiwa kuuawa hata ukiwa kwenye ihramu wamo kwa sababu ya madhara yao. Anayepita njia yake hajakudhuru, mwache apite.

MzeeWaMsituni
Muulizeni ng'ombe aliyezaa jana usiku kama anapita njia yake.

Fundi_Superior
Ndiyo maana swali la kwanza aulizwe mwenye ardhi, siyo mkwewe. Kama mzee ana kondoo au ndama na ameomba, hilo ni jambo jingine.

Mgeni_Milwaukee
Nimempigia mzee mwenyewe. Mifugo aliuza zamani. Kasema anachotaka ni majike ya kulungu yapungue, yanamaliza miche yake ya mialoni. Koyoti hakumtaja mpaka nilipomuuliza, akacheka, akasema nikipiga risasi saa moja asubuhi kwa ajili ya koyoti nitakaa hadi jioni bila kuona kulungu.

Basi nitamwacha. Jamaa wa kazini nitajua namna ya kumjibu. Swali la mwisho: akitokea mwenye upele mkali, manyoya yamenyonyoka?

Fundi_Superior
Huyo baridi ya Januari inaweza kummaliza kwa mateso. Kama una hakika ni koyoti na leseni inaruhusu, mimi ningempiga. Vaa glavu ukimgusa, na mbwa wa mzee asimsogelee.