Mjadala: Mgeni kapewa uraia, mpwa wangu anaambiwa achague

Mtoto wa Uyole: Mugonile wakuu. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars walipewa uraia wa Tanzania: Keyekeh wa Ghana, Bada wa Ivory Coast na Damaro Camara wa Guinea. (Timu yenyewe ndiyo ile Ihefu yetu ya Ubaruku, iliyohamishwa na kubadilishwa jina mwaka 2024. Kidonda hicho tukiache.) Siwachukii. Ila mtoto wa dada yangu kazaliwa Uingereza, mpira anaujua hasa, na likizo yuko hapa Uyole anakula ndizi na sisi. Sheria inamruhusu uraia wa nchi mbili hadi afike miaka 18 tu, kisha achague mmoja. Wa damu ndiye wa kubanwa? Mimi nasema uraia pacha uruhusiwe kwa wenye asili ya hapa, timu atachagua mwenyewe.

Jembe la Mbarali: Mkuu, unachanganya mambo. Hao watatu hawaendi Taifa Stars kesho. FIFA inataka mtu aliyehamia ukubwani awe amekaa nchini miaka mitano. Iliyofaidi ni klabu: Ligi Kuu inaruhusu wageni 12, na hao hawahesabiwi tena. Na mpwa wako akipata pasi za nchi zote mbili, atasubiri England kwanza. Akikosa namba ndipo atukumbuke.

Mtoto wa Uyole: Akikosa namba akaja, ubaya uko wapi? Zaha alicheza mechi za kirafiki na England, akahamia Ivory Coast alikozaliwa. Poulsen, ambaye baba yake alikuwa Mtanzania, aliifungia Denmark bao pekee dhidi ya Peru Kombe la Dunia 2018, nasi vibanda umiza vyote tukapiga kelele "huyo wetu!" Wetu wapi? Kenya walishafungua mlango tangu katiba ya 2010.

Boda wa Kasumulu: Nyie mnawaza Ulaya tu. Huku mpaka ni mto Songwe, ng'ambo Malawi ni Wangonde, lugha tunasikilizana, tumeoana. Kuna dogo Jumamosi anacheza Kyela, Jumapili Karonga. Huyo wa nani? Tena hofu yangu mimi siyo jezi, ni ardhi: wenye uraia wa nchi mbili wataimiliki.

Mtoto wa Uyole: Kwenye ardhi umenishika, iwekewe masharti yake. Ila dogo muulizeni mwenyewe, mapema. Akishacheza mechi ya mashindano na timu ya taifa ya wakubwa baada ya kutimiza miaka 21, FIFA hawamruhusu tena kuvuka mto.