Mwenye nyumba kukataza sigara ndani ya vyumba vya kupanga, ni haki yake au anazidi?

Wakuu hili naomba tulijadili maana jengo letu limegawanyika. Nakaa Sakina hapa Arusha, ghorofa ya pili. Mwenye nyumba kaleta mikataba mipya ya pango na kaongeza mstari: hakuna kuvuta sigara chumbani, kwenye ngazi wala barazani, anayetaka ashuke uani kule kwenye tangi la maji, na ukikamatwa faini elfu hamsini.

Mimi namuunga mkono kwenye kukataza. Mwanangu ana miaka sita na ana pumu, jirani wa chini anavutia bafuni usiku, moshi unapanda kwa kale kadirisha ka bafu mpaka kwetu, nimeziba na kipande cha godoro lakini wapi, unapenya hata pale bomba linapoingia ukutani. Na baridi hii ya mwezi wa saba nani analala madirisha wazi? Asubuhi sweta ya shule tuliyoianika inanuka fegi na mtoto anakohoa tunahangaika kutafuta inhela ilipo. Huyo jirani ni mtu mzuri kabisa, mtungi wa gesi ukiisha ndiye ananibebea, simchukii hata kidogo.

Sasa wengine wanasema nimelipa kodi ya miezi sita, ndani ni kwangu. Sawa, ila moshi wako haubaki kwako. Mbona anayefungulia mziki saa nane usiku tunamgongea mlango wote na yeye kalipa? Mwingine kasema si mfungue madirisha muweke feni. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya 2006 ilishasema hakuna kiwango salama cha moshi wa mwenzio na kupitisha hewa hakuumalizi. Hukohuko Marekani, nyumba za kupanga za umma zilipewa mpaka mwisho wa Julai 2018 ziwe hazina sigara ndani wala ndani ya futi 25 kutoka kwenye jengo, na wavutaji hawakukatazwa kukaa humo, waliambiwa tu wakavutie nje. Sheria yetu ya tumbaku ya 2003 inagusa maeneo ya umma, kwa hiyo huku vyumbani tunategemea mkataba.

Ila kuna mama wa ghorofa ya tatu anavuta miaka yote, kaniuliza dada, mimi nishuke saa sita usiku peke yangu kwenye lile giza? Nilikosa jibu. Hapo mwenye nyumba aweke taa na benchi kwanza. Na ambaye kodi yake haijaisha asibadilishiwe masharti katikati, asubiriwe amalize ndo asaini mpya. Faini ndo siipendi kabisa, mlinzi ataanza kunusanusa milango ya watu na kutafuta hela ya soda.

Wenye nyumba wa Njiro, Moshono na hata Moshi mjini, kuna aliyeshaweka hili sharti? Mpangaji akikiuka mnamfanyaje bila kumfukuza?