Mume wangu yuwaumwa kichwa kila alfajiri, nimpe dawa gani?

MamaPili_Likoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Baba watoto ana wiki mbili yuwaamka na kichwa. Akishatapika hutulia, akaenda zake kazini. Panadol haishiki tena. Kuna dawa ya nguvu inayouzwa bila cheti?

Chogo: Macho hayo. Mimi niliteseka miezi sita kumbe ni miwani tu, nikanunua Mwembe Tayari, mia tatu.

BiKisutu: Aache muguka kwanza. Nyumba ngapi zimeharibika!

NesiMstaafu: Kichwa cha alfajiri chenye kutapika si cha panadol. Amewahi kupasuliwa?

MamaPili_Likoni: Mwaka jana, kitu kidogo tu. Uvimbe wa paja, kama limau kubwa. Daktari alisema ni mafuta.

NesiMstaafu: Alisema kabla ya nyama kupimwa au baada? Majibu ya maabara yako wapi?

MamaPili_Likoni: Ninayo mimi. Niliyafuata peke yangu. Yameandikwa sarkoma, saratani ya nyama za mwili. Karatasi iko kabatini chini ya leso zangu. Msinihukumu. Babake alipoambiwa yake aliacha kula, hakumaliza mwezi. Na huyu kidonda kilishapona, yuwabeba magunia kama kawaida. Tena nimeshalipa ustadhi, kombe la maji ya aya za Kurani laanza Alhamisi.

Jomvu_Original: Ndiyo maana nyanya alikataza kisu. Saratani ikiguswa na chuma hutapakaa. Shangazi yangu alikuwa mzima mpaka walipomfungua.

NesiMstaafu: Shangazi yako pole, lakini kisu hakiipeleki kichwani. Sarkoma husafiri kwa damu, mara nyingi kabla hata ya kupasuliwa. Kituo chake cha kwanza huwa mapafu. Ubongoni hufika mara chache, na ikifika aghalabu kifua kishaguswa. Kosa ni kukata kabla ya kupima. Uvimbe unaozidi sentimita 5, au uliozama msulini, hupigwa picha na kutolewa kipande kwanza. Mwanangu, kombe na anywe, halizuii hospitali. Apigwe picha ya MRI ya kichwa na picha ya kifua. Ikiwa ndiyo, kuna deksamethasoni ya kushusha uvimbe wa ubongo, halafu upasuaji au mionzi, kulingana na madoa ni mangapi na yako wapi. Huenda pia siyo. Lakini daktari hawezi kujua wakati karatasi imelala na leso.

Mpelelezi_Kongowea: Ngojeni. Jana mafuta, leo sarkoma, kesho nambari ya M-Pesa. Nilishaliwa elfu mbili humu humu na "mgonjwa wa figo".

BiKisutu: Hata mie nashangaa. Mke gani aficha karatasi mwaka mzima?

Chogo: Wa kwangu alificha risiti ya sofa.

MamaPili_Likoni: Sijaomba hata ndururu. Asubuhi kikombe cha chai kimemponyoka, mkono wa kushoto, mara ya pili wiki hii. Akakitazama, akacheka, akasema kina mafuta. Nilikiosha mwenyewe.

NesiMstaafu: Usingoje Alhamisi. Leo. Na asiendeshe chombo chochote.

Mpelelezi_Kongowea: Weka picha ya hiyo karatasi, ziba jina.

MamaPili_Likoni: Tuko kwenye foleni ya feri. Nimemwambia twaenda kupima macho. Karatasi iko mkobani.

Jomvu_Original: Feri ngapi zafanya kazi leo?