WAJUKUU WA BI RUKIA 🏠 (nyumba ya Majengo, Mombasa)

Da Mwanaisha 07:12
Asalam aleikum familia. Naomba msome mpaka mwisho, msiruke kama kawaida yenu. Kusi ishatia nguvu, usiku upepo waingia uani wapita ukumbini mpaka chumbani kwa Bibi, na tokeni tulioweka juzi tu mita ishaanza kulia. Vyumba sita mita moja. Na huu ni Julai, mpaka kaskazi irudi bado safari ndefu. Leo tukubaliane stima, gesi, chakula na joto la Bibi, LEO si kesho.

Da Mwanaisha 07:19
Stima kwanza. Ile shawa ya maji moto ni wati 5000. Mtu akisimama chini yake dakika 10 keshakula karibu uniti nzima, mmoja huyo. Ukichemsha lita 3 kwa birika ukachanganya ndoo yako ya maji ya mtungi waoga vizuri tu na ni kama thuluthi ya hiyo stima. Na kumbukeni mita ikipita uniti 100 kwa mwezi yaingia bei ya juu, sisi tuko sita kwa mita moja kwa hivyo tuko huko juu kila siku, hatuna mwezi wa kupumua

Fatma Kisauni 07:40
👍🏽

Juma Bamburi 08:02
Mimi naoga maji baridi alfajiri kama askari jamani nipunguziwe mchango 😂😂

Da Mwanaisha 08:03
Juma wewe hata hukai hapa

Juma Bamburi 08:03
Ndio maana napunguza stima zaidi ya wote

Mama Swafiya 08:31
Hiyo shawa si ya wote. Semeni ni ya nani, mimi naoga ndoo tangu nizaliwe

Da Mwanaisha 08:33
Sijataja mtu. Nasema ifungwe mpaka Septemba basi.

Da Mwanaisha 08:47
Gesi. Kila chumba kina mtungi wake wa kilo 6, kila mtu ajaza peke yake, kilo kwa kilo twalipa zaidi. Tuchukue mmoja wa 13 wa kupikia pamoja mchana na usiku. Na anayekwenda kujaza asikubali kupewa mtungi hivi hivi, uwekwe kwa mizani, uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa pale shingoni, toa huo ujue umeuziwa kilo ngapi. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwa mpira na kwa kichwa, likitoa mapovu yanavuja usiwashe.

Mama Swafiya 09:10
Na mtungi utakaa wapi?

Da Mwanaisha 09:11
Jikoni kwangu si ndiko kukubwa

Mama Swafiya 09:11
Haya

Juma Bamburi 09:15
Hiyo "haya" naijua mimi 😅

Da Mwanaisha 09:52
Chakula. Samaki sasa hivi msimuote, ngalawa haziwezi kutoka nje ya mwamba, kinachopatikana ni kidogo na bei ya kuogopesha. Tununue ng'onda na papa mkavu, tupike mbaazi na maharagwe. Ila yalowekwe usiku. Mbaazi zilizolala majini haziwezi kula moto kama zile wazitia kavu asubuhi wakaa kuzingojea mpaka adhuhuri. Na kile kikapu alichonifundisha marehemu mama: sufuria ikishatokota vizuri waitia kapuni na matambara na blanketi kuukuu pande zote na juu, wafunika, wenda zako sokoni, ukirudi zimeiva kwa moto wake wenyewe. Maharagwe, hasa mekundu, lazima yatokote sana kwanza dakika 10 kwa moto mkali, usiyatie kapuni mabichi yatawaumiza matumbo.

Fatma Kisauni 10:20
Kikapu hicho nakikumbuka!! Ule ubwabwa wa Ramadhani

Juma Bamburi 10:22
Nakumbuka paka alilala juu yake watu wakafuturu na manyoya

Fatma Kisauni 10:22
🤣🤣🤣🤣 Chausiku!

Juma Bamburi 10:23
Mwenyezi Mungu amrehemu Chausiku

Da Mwanaisha 10:30
Jamani. Joto la Bibi. Chumba chake kina ile nafasi chini ya mlango na bati la juu ya kitanda lavuja, mvua ya juzi ilimfikia miguuni. Usiku asema mifupa yamuuma.

Mama Swafiya 11:05
Bibi mimi namshughulikia, msione hamumwoni. Makaa yanayobaki nikimaliza kuchoma mahamri sitii maji, nayaweka kwa lile jiko dogo namwekea pembeni ya kitanda nafunga mlango apate joto mpaka alfajiri. Gharama hamna.

Juma Bamburi 11:07
Basi atuwekee na mahindi hapo hapo asubuhi tuje na ndimu na pilipili 🌽

Fatma Kisauni 11:09
Juma ngoja. Mama Swafiya, Da Halima, unafunga mlango na jiko liko ndani??

Juma Bamburi 11:10
Na muhogo

Fatma Kisauni 11:10
JUMA

Fatma Kisauni 11:12
Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yatoa sumu jamani, haina harufu haina moshi. Mtu ahisi kichwa kizito tu na usingizi. Hebu nijibuni

Da Mwanaisha 11:40
Tutalijibu hilo. Kwanza mchango. Bati la Bibi misumari na fundi, pamoja na gesi na gunia la mchele la kilo 25, nimetengeneza hesabu natuma saa hii

Mama Swafiya 11:44
Mchango wa bati? Tena?

Mama Swafiya 11:46
Sisemi kitu. Lakini ile ya mwanzo mimi nilitoa yote nikiwa na mimba ya Swafiya, leo Swafiya yuko darasa la nne na hata msumari mmoja sijauona ukipigwa

Da Mwanaisha 11:47
Halima tulishamaliza hayo mbele ya baba

Mama Swafiya 11:47
Nyinyi mlimaliza

Athman 13:28
Nimeona jina langu halijatajwa lakini najua ni mimi. Pesa ile mnajua ilikwendapo na mnajua ni ugonjwa wa nani. Mimi niko barabarani na tuktuk tangu saa kumi na moja alfajiri sitaki kuandika kwa hasira.

Juma Bamburi 13:30
Jamani mahindi ndio yameleta haya

Fatma Kisauni 13:31
Hakuna aliyejibu habari ya jiko

Da Mwanaisha 16:05
Nakumbusha hesabu nimetuma. Walioweka mpaka sasa ni Fatma peke yake. Pesa zije kwa M-Pesa yangu.

Mama Swafiya 16:20
Yako?

*Ujumbe huu umefutwa*

Ami Omar 21:03
Waaleikum salaam. Nilikuwa kwenye maziko huku Likoni, nimesoma yote sasa.

Ami Omar 21:09
Jiko lisiingie chumbani kwa mama. Sisemi lipunguzwe wala dirisha lifunguliwe kidogo. Lisiingie. Mwaka ule wa mvua kubwa nilibeba jeneza la watu wawili wa nyumba moja waliolala na makaa, mlango umefungwa, na walikuwa vijana wenye nguvu zao. Halima mwanangu umefanya kwa mapenzi, sikulaumu. Nenda sasa hivi ukalitoe kisha uniandikie hapa kuwa umelitoa.

Ami Omar 21:10
Athman, habari ya bati utanieleza mimi, kwangu, si humu.

Mama Swafiya 21:24
Nimelitoa ami. Niwie radhi

Ami Omar 21:25
Allah akulipe kheri.

Juma Bamburi 21:58
Sawa ami

Athman 22:15
Sawa ami, nitakuja Jumapili inshallah

Fatma Kisauni 22:16
Ahsante ami 🙏🏽

Swaleh Leicester 23:47
Shikamooni, ndio natoka kazini. Huku Uingereza sasa ni joto mpaka twalala madirisha wazi lakini Desemba mama mmoja jirani yetu, mzee kama Bibi, alinifundisha: hapashi nyumba nzima, apasha chumba kimoja tu anachokaa, pazia nzito mpaka chini, na nguo ameizungusha kama nyoka ameilaza chini ya mlango upepo usipite. Hiyo ya mlango Bibi afanyiwe kesho, leso mbili kuukuu zatosha.

Swaleh Leicester 23:52
Na chupa ya mpira ya maji moto, famasi zinazo. Maji yasiwe ya kutokota, moto wa kuoga ukizidi kidogo tu, jazeni nusu mtoe hewa mfunge vizuri, mzungushie leso ndio aweke miguuni. Ngozi ya mzee yaungua na mwenyewe hajahisi. Soksi pia, na kitanda kisogezwe pale bati halivuji, hilo halihitaji mchango. Chupa na blanketi natuma mimi pesa yake. Ya bati niwieni radhi ningoje kwanza Jumapili ipite.

Da Mwanaisha 06:31
Sabalkheri. Kitanda tumekisogeza mimi na Halima baada ya swala, Bibi amelala vizuri alhamdulillahi, aulizia tu jiko lake limekwenda wapi. Swaleh tuma. Shawa imefungwa, nimetoa fyuzi niko nayo mimi. Mchele na ng'onda twanunua Jumamosi, gesi twaanza mwezi ukiingia.

Mama Swafiya 06:50
Mtungi ukae jikoni kwangu nitoe na mimi. Mahamri nitachoma kwa makaa yangu, sitagusa gesi ya watu

Da Mwanaisha 06:58
Hilo tutazungumza

Juma Bamburi 09:14
Mimi natoa nusu kwa sababu sikai hapo, na nitaleta vifuu vya nazi gunia moja kutoka kwa yule muuza madafu, vyawaka kuliko makaa. Vya UANI kabla hamjanirukia

Athman 12:40
Gunia la mchele nitabeba na tuktuk bure. Nijuzeni ni soko la Kongowea au Marikiti, na ni saa ngapi

Fatma Kisauni 12:41
Kongowea

Mama Swafiya 12:55
Marikiti ndio karibu

Da Mwanaisha 13:20
Bado watu saba humu wamesoma hawajaandika chochote na alama za bluu naziona