Ushauri wakuu: kibanda kizima kimeshamhukumu adui ambaye siye muuaji

Sauti ya Usiku
Wakuu, habari za jioni. Natafsiri muvi kwenye kibanda umiza mtaani kwetu. Naingiza sauti nyumbani, tunaonyesha kwa vipande viwili, wikiendi hii na ijayo. Safari hii nimechukua ya Kitaliano ya 1970, *L'uccello dalle piume di cristallo*, yaani "Ndege mwenye manyoya ya kioo", muvi ya kwanza kuongozwa na Dario Argento. Stelingi ni Sam, mwandishi Mmarekani yuko Roma. Usiku anapita nje ya jumba la sanaa, anaona ndani mtu wa koti jeusi na mwanamke wanagombania kisu. Anakimbilia kusaidia, ananasa katikati ya milango miwili ya vioo, anabaki kutazama tu. Polisi wanamnyang'anya pasipoti asiondoke.

Halafu anatokea jamaa wa koti la manjano, ana uso kama umekanyagwa. Anamwinda Sam na mchumba wake kwa bastola. Kipande cha kwanza nikakatia hapo hapo. Watu wametoka wanaapa muuaji ndiye yule. Na siye. Nifuate muvi ilivyo, au niwape wanachotaka?

Kandambili
Enzi za kaseti kuna mtafsiri alimpa adui jina la mwenyekiti wetu wa mtaa. Tulicheka mpaka mkanda ukaisha hatujui nani kafa. Ongeza jina la mwenyekiti wako, mengine yatajipa.

Mama Nasri
Watoto wa shule wanaingia humo? Jibu hilo kwanza.

Sauti ya Usiku
Hapana mama, ni usiku.

Mpenda Picha
Mleta uzi, hiyo muvi naijua. Wa manjano kakodiwa tu amwue Sam. Kuna sehemu tamu sana, Sam anamgeuzia kibao anamfukuza yeye, jamaa anaingia hotelini. Sam kufungua ukumbi, umejaa mabondia wastaafu, wote makoti ya manjano! Na mbele kidogo jamaa anakutwa amekufa. Sasa maiti ataua vipi?

Sauti ya Usiku
Hilo nimeshalitatua. Ana pacha.

Mpenda Picha
Pacha???

Kandambili
😂😂😂 Nimemwaga uji.

Mpenda Picha
Subiri. "Nimeshalitatua" maana yake nini? Umeshaingiza sauti?

Sauti ya Usiku
Kipande cha pili kiko kwenye flashi. Lakini naweza kurudia, ndiyo maana naomba ushauri.

Ngosha Mpole
Mimi nitasema lisilopendeza. Mwongozaji mwingine Mtaliano, Lucio Fulci, naye alitoa yake 1972, *Non si sevizia un paperino*. Watoto wa kiume wanauawa kijijini kusini mwa Italia, lawama zinamwangukia mwanamke anayesemwa mchawi. Polisi wanamwachia. Wanaume wa kijiji wanamvizia makaburini, wanampiga kwa minyororo. Anajikokota mpaka barabara kuu, magari ya wenye likizo yanapita, hakuna anayesimama. Hakuwa ameua mtoto hata mmoja.

Kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni. Bibi yangu mzaa mama alitoroshwa usiku juu ya mkokoteni. Mimi ndiye niliyeshika taa. Muvi hiyo niliizima katikati, nikaimalizia mwezi uliofuata. Ndugu yangu, usiwafundishe watu kwamba muuaji anajulikana kwa sura.

Sauti ya Usiku
Pole sana mkuu. Lakini huyu wangu siyo bibi kizee. Ni mtu wa bastola, analipwa kuua. Nikimbebesha na hayo mengine namwonea nini?

Ngosha Mpole
Unambebesha ya mwenzake. Na mwenzake anakwenda nyumbani.

Mpenda Picha
Bado hujatuambia kwa nini. Muuaji halisi ni yule mwanamke wa jumba la sanaa, Monica. Sam alichokiona kwenye vioo alikiona kinyume, kisu kilikuwa mkononi mwa mwanamke. Hata mumewe anakufa akidai yeye ndiye aliyeua, kumbe anamkinga. Mwisho kama huo mtafsiri anautupaje? Kuna kitu umeficha.

Sauti ya Usiku
Sawa. Watu wameweka hela. Mia tano tano, kila mmoja kamtaja muuaji wake. Atakayepatia anachukua, wakiwa wengi wanagawana. Mfuko ninao mimi.

Mama Nasri
Kamari! Nilijua tu.

Mpenda Picha
Na Monica katajwa na wangapi?

Sauti ya Usiku
Mmoja.

Kandambili
Nani?

Kandambili
Mkuu, tunakuona uko hewani.

Sauti ya Usiku
Mama watoto. Naapa sikumwambia. Narekodi yeye akiwa amelala.

Kandambili
Chumba kimoja, pazia katikati, wewe unapiga kelele "muuaji nimekushika!" saa saba usiku, halafu mwenzako amelala. Sawa.

Sauti ya Usiku
Ndiyo maana ya pacha. Wote wamepatia, kila mtu anarudishiwa mia tano yake, tunabaki majirani. Kasoro mia tano ya nyumbani kwangu. Mwenyewe hajui bado.

Tuliza Boli
Chai hii. Kibanda gani cha Bongo kinajaa wikiendi kutazama Roma ya 1970? Wikiendi ni mpira, basi. Na akaunti yenyewe imefunguliwa jana. Huyu anatunga hadithi, anatujaribishia sisi mwisho wake.

Sauti ya Usiku
Mpira unaisha saa nne. Muvi inaanza baada ya hapo.

Tuliza Boli
Weka picha ya mfuko.

Sauti ya Usiku
Niweke hela za watu mtandaoni mnitafute?

Mama Nasri
Iwe chai iwe maji, huyo dada akisikia pacha wewe utalala kibandani.

Mpenda Picha
Mimi nina swali moja tu. Ndege. Muvi inaitwa kwa jina lake! Mlio wake unasikika nyuma ya simu ya muuaji, na tundu lake liko karibu na nyumba ya Monica, ndivyo anavyojulikana. Pacha wako anakaa karibu na bustani ya wanyama?

Sauti ya Usiku
Ndege nimemkata.

Mpenda Picha
Na mtu akiuliza jina la muvi?

Sauti ya Usiku
Bango limeandikwa "Koti la Manjano". Limebandikwa tangu juzi.