Sidekick inagandisha kibodi kwenye DOS, msaada wakuu

flopi_bovu: Habarini wakuu. Nimefufua kompyuta yangu ya zamani ya 286, mfumo wake ni DOS 3.3, memori 640K, nikaweka Sidekick ya Borland ile ya 1984, programu ya vifaa vidogo vya mezani. Ikiwa peke yake raha tupu, niko katikati ya barua nabonyeza Ctrl na Alt kwa pamoja, kidirisha kinaibuka juu ya kazi yangu, kalkuleta ipo, kalenda ipo, daftari lipo, nikimaliza Esc narudi nilipokuwa. Shida naipata nikiweka na kale kaprogramu ka njia za mkato za kibodi, hapo Ctrl-Alt haijibu au kibodi inakufa kabisa mpaka nizime mashine. Nakosea wapi?

mzee_wa_dos: Ipi inaanza kupakiwa? Fungua AUTOEXEC.BAT, lile faili la amri ambazo DOS inazitekeleza mashine ikiwaka, mstari wa SK unaopakia Sidekick uusogeze chini kabisa. Sidekick ina wivu, lazima iingie ya mwisho.

bitinane: Mzee kasema kweli. DOS inaendesha programu moja tu kwa wakati, hivi vidude kama Sidekick na hako ka njia za mkato vinafanya ujanja, vinajifanya vimetoka kumbe vimebaki kwenye memori vinadaka interapti 9, ile ishara ya kibodi kwa mashine, kila kitufe unachobonyeza kinapita kwao kwanza. Wakiwa walinzi wawili mlango mmoja na kila mmoja anajiona bosi ndo hayo unayoyaona. Halafu angalia, vyote vinakula hiyohiyo 640K.

kadi_za_zamani: Mi ningekuambia uhamie Lotus Organizer, programu ya diary na anwani, ila inataka Windows, na hiyo 286 itakuchosha. Inafanana na diary ya pete kabisa, ina vichupo pembeni, unapindua kurasa, na ukitupa kitu kwenye ndoo kinaungua moto. Nilikuwa natupa vitu hata visivyo na makosa ili nione moto tu 😂

mzee_wa_dos: Moto mzuri, ila jaribu kutoa anwani zako humo leo, faili lake halifunguki kirahisi kwa programu nyingine. Daftari la Sidekick ni maandishi matupu, ukitumia TYPE tu, amri ya DOS ya kuonyesha faili, unayasoma.

flopi_bovu: Imekubali!! SK nimeiweka mwisho, zote mbili zinafanya kazi. Nimefungua na daftari lililokuwa kwenye flopi nikakuta mwenye nayo wa mwanzo kaandika "nunua flopi nyingine". Hakununua naona, maana hii ina sekta mbovu kibao.